Niamini kabla hujaniona nimelazwa

Nina selimundu. Naiweka sentensi hii mwanzoni kwa sababu kwa miaka mingi watu wa karibu yangu wameisikia mwisho, baada ya visingizio vya mafua, vya uchovu wa safari, vya malaria. Malaria hasa. Kwetu Mwanza ukisema umelala na malaria hakuna anayekuuliza swali la pili: utapewa pole, utaulizwa kama umeanza dozi, na jioni jirani atamtuma mtoto akuletee machungwa. Ukisema ni sikoseli, kama wengi tunavyouita ugonjwa huu, mtu hunyamaza kwanza. Wako wanaokuhurumia papo hapo kwa sababu walisikia watu wa aina yetu hawafiki miaka ishirini. Na wako wanaokukagua kuanzia kichwani hadi miguuni, wakiutafuta ugonjwa wenyewe ulipo.

Hawauoni. Nina miaka 36, ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Morogoro, nasuka nywele, nashonesha vitenge, na siku nyingi nafundisha vipindi vyangu vyote nikiwa nimesimama. Alama pekee ya nje ni unjano kidogo kwenye weupe wa macho, na huo watu hudhani sikulala vizuri.

Mambo yote yako ndani ya damu. Chembe nyekundu za mtu asiye na ugonjwa ni laini na za duara, hupenya kwenye mishipa membamba kabisa, na huishi siku 120 hivi. Zangu zikipungukiwa oksijeni hujikunja mithili ya mundu, zinakakamaa, zinanasana na kuziba njia, na maisha yake ni siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo damu haitoshi siku zote, na mara kwa mara kipande fulani cha mfupa kinakosa oksijeni. Nyumbani tunasema "nimeshikwa". Naweza kushikwa kiunoni, kwenye paja, kifuani, mgongoni. Baridi huleta, kiu huleta, homa huleta, kazi nzito huleta, na kuna siku hakuna lililoleta. Naamka tu nimeshikwa.

Siku hiyo hakuna kipimo kitakachosema kweli yangu. Wanaweza kupima damu, wakapiga picha ya eksirei, wakapima mapigo ya moyo, na majibu yote yakafanana na ya wiki iliyopita nilipokuwa nacheka. Anayejua kwamba nimeshikwa ni mimi, na njia pekee ya mwingine kujua ni kuniuliza na kuniamini. Hapo ndipo penye shida yangu kubwa kuliko hata maumivu, na ndilo ninalotaka kuliandika leo.

Hemoglobini yangu, yaani kiwango cha damu, nikiwa vizuri kabisa ni 8 hivi. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 huhesabiwa ana upungufu wa damu. Daktari asiyenijua akiona 8 hushtuka, huinuka kwenye kiti, hutaka nitundikiwe damu usiku huo huo, na inabidi nimweleze kwa adabu kwamba hiyo ndiyo kawaida yangu. Daktari huyo huyo nikimwambia maumivu ni tisa kwa kumi, haandiki kitu kwanza. Ananitazama usoni. Namba iliyotoka kwenye mashine anaiamini kuliko namba iliyotoka kinywani mwangu, na zote mbili ni za mwili mmoja.

Na uso wangu hausaidii. Nimeumwa tangu sijajua kusema. Mtoto aliyeshikwa kila baada ya muda hujifunza kwamba kulia kunamaliza pumzi na kukausha mwili, kwa hiyo anaacha kulia. Mimi nikishikwa natulia. Nafumba macho na kuhesabu namba tasa kimoyomoyo: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, naendelea. Maumivu yakiwa ya wastani navuka mia mbili bila kukosea. Yakizidi, napotea kwenye 91. Inafanana sana na namba tasa, lakini inagawanyika kwa 7 na kwa 13, na mimi mwalimu wa hisabati naijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Nikiiita tasa, akili imeshindwa. Mume wangu alizoea kuniuliza, "Umefika wapi?" Nikimjibu "sijui", anakwenda kumwamsha jirani mwenye bajaji.

Usiku mmoja wa Julai tulifika hospitali moja mjini nikiwa katika hali hiyo. Nilitembea mwenyewe kutoka kwenye bajaji, maana kubebwa kunatonesha nyonga. Nikakaa kwenye benchi, nikafumba macho, nikahesabu. Baadaye nikafungua simu nitazame video yoyote ile, kwa sababu namba zilikuwa zimeniishia na nilihitaji kitu cha kushika akili. Nesi wa zamu alipita akasema, bila ukali wowote, "Dada, mtu mwenye maumivu hayo hachezei simu." Mgonjwa wa pembeni yangu, kijana aliyeteguka kifundo cha mguu, alikuwa analia kwa sauti. Alitangulia kuingia. Simlaumu kijana, na nesi pia alifanya kama anavyofanya kila siku: anayelia zaidi ndiye anayeumia zaidi. Kanuni hiyo inafaa kwa watu wengi. Kwetu sisi inatupa matokeo ya kinyume, na ningependa kila anayeingia zamu ya usiku aifahamu: mwenye selimundu aliyekaa kimya na simu mkononi huenda ndiye anayeumia kuliko wote kwenye benchi hilo.

Nilipoingia nikaomba dripu na mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Kuijua dawa kwa jina lake nako ni kosa. Nilisikia nyuma ya pazia, "Huyu ameshazoea dawa." Ninaijua kwa sababu nimeihitaji tangu nikiwa mdogo, kama mwenye kisukari anavyoijua insulini. Hakuna anayemshuku mwenye kisukari kwa kulijua jina hilo.

Tangu usiku ule natembea na bahasha ya kaki kwenye mkoba. Ndani yake mna kadi ya kliniki, majibu ya kipimo cha aina ya hemoglobini yanayosema SS, yaani nina vinasaba viwili vya selimundu, orodha ya dawa ninazotumia na barua ya daktari wangu wa kliniki. Imekwenda na mimi kanisani, harusini, kwenye usimamizi wa mitihani. Nachukia kuibeba, lakini siiachi.

Kabla ya bahasha kulikuwa na mama. Mama ndiye aliyekuwa ushahidi wangu, naye hakuwa na wa kumshuhudia yeye. Kaka yangu wa kwanza alifariki kabla hajatimiza miaka miwili, na hakuna aliyejua kwa nini. Mimi nilipofikisha miezi saba hivi vidole vya mikono na miguu vilivimba, nikawa silali. Kwa watoto wengi wenye selimundu ndivyo ugonjwa unavyojitambulisha, maana hemoglobini ya kichanga iliyokuwa ikiwalinda imeanza kupungua. Upande wa baba walisema damu ya mama ina mkosi. Shangazi mmoja alisema tumetupiwa kitu. Mama alihangaika kwa waganga na kwa wachungaji mpaka nilipopimwa nikiwa na miaka minne, na hata baada ya hapo alibaki na jina la mwanamke anayezaa watoto wa kufa.

Kwa ajili yake nilipoingia chuo nilisoma kila nilichoweza. Nikajua kwamba ni lazima wazazi wote wawili wawe wamebeba kinasaba hicho, na kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa. Baba naye alibeba. Nikajua kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wenye kinasaba kimoja tu cha selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Alikuwa amegundua kwamba kinasaba hicho ni cha kawaida Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kwenye mbu wengi, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mababu zetu wa ziwani waliishi kwa sababu yake. Anayezaliwa na viwili kama mimi hawezi kuitegemea kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa zaidi. Nilimsomea mama hayo kwenye baraza ya nyumba yetu ya Kirumba, Mwanza, nikimfafanulia polepole. Aliniuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo na baba yako pia?" Nikamwambia ndiyo, nusu kwa nusu. Akainuka akaenda kumpigia shangazi simu. Kaka yangu alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kaburini.

Kazi yangu ya kwanza nilipangiwa nyanda za juu kusini, wilaya ambako Juni na Julai sakitu hutanda juu ya majani asubuhi. Sikumaliza mwaka. Nilishikwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kushikwa Mwanza. Afisa aliyepokea barua yangu ya uhamisho aliniambia kila mwalimu mpya anataka kuhama huko na kila mmoja ana barua ya daktari. Kisha akasema lile ambalo wenzangu wote wenye ugonjwa huu wamelisikia: "Mbona unaonekana mzima?" Nilitamani kumjibu kwamba nimefika ofisini kwake siku ya uzima wangu kwa sababu siku za kuumwa sifiki popote. Kila ofisi, kila sherehe, kila ibada, watu wananiona siku nilizoweza kutoka. Siku nyingine zote ananiona mume wangu na ukuta wa chumbani. Wenzangu walioniona Jumamosi nikicheza kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu, Jumatatu walipoona kiti changu kitupu, walijumlisha walivyoona.

Nyonga yangu ya kushoto imeanza kuharibika, mfupa wake umekosa damu mara nyingi mno. Kwenye daladala ya jioni huwa namwomba Mungu asipande mzee. Akipanda, konda atatazama nani kijana na atanigusa bega: "Dada, mpishe mama." Na mimi nimelelewa vizuri. Siwezi kumweleza mama wa watu habari za nyonga mbele ya watu waliojazana hadi mlangoni. Nampa shikamoo, nampisha, nasimama, na usiku huo naulipia.

Lakini mahali pagumu kuliko pote, kwa mwanamke, ni msibani. Wanaume wenye ugonjwa huu wana magumu yao, ila hili ni letu. Mke wa ukoo asiyeshika mwiko wa ugali msibani anaonekana na kila mtu. Baba mdogo wa mume wangu alipofariki tulisafiri mpaka milimani Upareni, Agosti, usiku baridi inapenya kwenye mifupa. Mawifi na wake wengine wa familia walikuwa wameshajigawa: wa kuchota maji, wa kuosha masufuria, wa kusonga ugali wa watu mia na zaidi. Mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili na kitenge juu, nimekaa. Nilisikia wifi mmoja akiuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu wa mjini anasubiri kuhudumiwa?"

Mama mkwe alitoka ndani. Hakuwa amewahi kuniuliza maswali mengi kuhusu ugonjwa wangu, siku ya kwanza mume wangu alipomweleza alisema tu, "Basi mtaniambia akichoka." Alinishika mkono, akanikalisha kando ya mafiga pale penye joto, akaniletea ungo na gunia la mchele, akatangaza kwa wote, "Huyu kazi yake ni kuchambua mchele. Asisumbuliwe." Hakueleza. Hakusema sikoseli, hakusema damu, hakutaja daktari. Nilichambua mchele ule siku zote za matanga, chembe kwa chembe, nikiwa na joto mgongoni na chupa ya chai kando yangu, na sikushikwa. Tukirudi Morogoro nilimshukuru kwa simu. Akashangaa nashukuru nini.

Nataka niseme pia kwamba mambo yamebadilika, na yamebadilika kwa kazi ya watu wenye majina. Mwaka 2004 pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu, na maelfu ya watu kama mimi wakaanza kuandikwa na kujulikana wanaishi vipi. Kilifi nchini Kenya ni mojawapo ya vituo vinne vya Afrika ambako dawa ya haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wetu, na matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2018 yakaonyesha kwamba maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo pia. Dawa hiyo huurudisha mwili kutengeneza ile hemoglobini ya uchanga. Mimi natumia kidonge chake kila usiku, pamoja na foliki asidi, na nashikwa mara chache sana kuliko nilivyokuwa na miaka ishirini. Niliisimamisha tulipotaka mtoto, maana haitakiwi wakati huo, na miezi ile ilikuwa mizito. Mume wangu alipimwa kabla ya ndoa, ni AA, hana kinasaba hicho, kwa hiyo binti yetu amebeba kimoja tu. Ndugu wakisikia kwamba Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wameanza kupandikizwa uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, tangu 2023, au kwamba Marekani mwaka huohuo waliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, hunitumia habari hizo usiku kwa furaha. Nami nafurahi nao kweli. Ile ya Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, hivyo nafurahi na kuendelea na kidonge changu.

Kinachoniumiza ni kwamba dawa imeuficha ugonjwa zaidi. Zamani nilikuwa nalazwa mara kwa mara na watu waliniamini kwa sababu walikuja kunitazama wodini na matunda. Sasa silazwi. Naumia nyumbani, naumia kidogo kidogo darasani, nachoka saa nane mchana uchovu ambao usingizi hautoi, na watu wanaona mtu aliyepona.

Haya yote ningeweza kuyabeba kimya, nimezoea. Ninayaandika kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili, na mama yake ameniruhusu kuandika hivi bila kumtaja. Niliyaona macho yake wiki ya kwanza. Ni mtulivu mno, analaza kichwa juu ya dawati, na alishachapwa kwa kutokimbia mchakamchaka na kwa kuomba ruhusa ya chooni kila kipindi. Nilipomwita pembeni nikamwambia na mimi ninao, alinitazama muda mrefu akauliza, "Mwalimu, kumbe mtu anaweza kuwa nao akawa mtu mzima?" Hakuna aliyemwambia. Ana miaka kumi na minne na alikuwa anajihesabia miaka iliyobaki.

Ruhusa ya chooni si utundu. Sisi tunatakiwa kunywa maji mengi ili damu isiwe nzito, na figo zetu hazina uwezo wa kuuzuia mkojo ukawa mchache kama wa wengine. Ndiyo maana wengi wetu tulikojoa kitandani mpaka tukiwa wakubwa, na kwenye bweni jambo hilo linamtesa mtoto kuliko sindano yoyote. Yeye anakunywa maji kidogo makusudi, asiaibike. Kwa kukaa na kiu anashikwa. Akishikwa ananyamaza. Akinyamaza anaambiwa mvivu.

Nimemwandikia mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba mwanafunzi yeyote mwenye cheti cha kliniki aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kutoka bila kuulizwa, avae sweta hata kama si rangi ya shule, asikimbizwe mchakamchaka, apewe kitanda cha chini karibu na mlango bwenini, na akisema anaumwa apelekwe zahanati kwanza, maswali yafuate baadaye. Nimeomba na mimi kiti darasani na nisipangwe zamu ya asubuhi Juni na Julai. Mkuu amekubali maji na sweta palepale. Kuhusu ruhusa ya chooni na zahanati amesema walimu wataona ni mlango wa uongo, kila mwanafunzi atadai anaumwa, kwa hiyo lijadiliwe.

Kikao ni Ijumaa. Nimeomba nizungumze kabla ya ajenda ya mitihani, watu wakiwa bado hawajachoka, na nitawaambia walimu wenzangu kwa mara ya kwanza, wote kwa pamoja, nina nini. Bahasha nitaiacha nyumbani.